Bunduki walikuwa nazo, barabara hawakuwa nazo: mhadhara kuhusu Burkina Faso, Septemba 2015

Haya, maiki inasikika huko nyuma? Wale wa mlangoni sogeeni ndani bwana, viti vipo, mmesimama kama watu wanaosubiri kukimbia. Sawa. Asanteni kwa kuja, najua saa hizi kila mtu anawaza foleni ya kurudi nyumbani, ntajitahidi nisiwachoshe.

Mada niliyopewa ni mapinduzi yaliyofeli Afrika Magharibi, nchi nichague mwenyewe. Nimechagua Burkina Faso, Septemba 2015. Wengi hapa hamlikumbuki hilo tukio na siwalaumu, maana mwezi ule huku kwetu ilikuwa kampeni, Magufuli huku Lowassa kule, kila kijiwe ni "mabadiliko" na "hapa kazi tu", nani angekuwa na muda na Ouagadougou, mji mkuu wao? Mimi mwenyewe nilisikia asubuhi kwenye redio nikasema aah, mapinduzi tena Afrika Magharibi, nikabadilisha stesheni. Wiki moja baadae nasikia yule jenerali aliyepindua kaachia ngazi. Wiki moja! Hapo ndo nikakaa kitako nikaanza kufuatilia, na sijaacha mpaka leo.

Tuanze nyuma kidogo, maana ukianzia Septemba hutaelewa kitu. Blaise Compaoré aliingia madarakani tarehe 15 Oktoba 1987, siku ambayo rais Thomas Sankara aliuawa, rafiki yake huyo, na akakaa miaka 27. Ndani ya hiyo miaka 27 watu walimeza mengi. Kubwa kuliko yote labda ni la mwandishi wa habari Norbert Zongo, alikuwa anachunguza kifo cha dereva wa mdogo wake rais, tarehe 13 Desemba 1998 akakutwa amechomwa ndani ya gari karibu na Sapouy. Nchi ilichemka. 2011 tena kijana mmoja mwanafunzi akafia mikononi mwa polisi Koudougou, nchi ikachemka upya, mpaka wanajeshi wenyewe wakaasi, mpaka walinzi wa rais wakapiga risasi hewani pale ikulu na Compaoré ikabidi akimbilie kijijini kwao Ziniaré usiku ule. Akarudi, akawalipa, maisha yakaendelea.

Afu 2014 akataka kubadilisha ibara ya 37 ya katiba ili agombee tena. Tarehe 27 Oktoba wanawake wakaingia barabarani Ouagadougou wameshika miko. Miko ya kupikia, ile ya kusongea ugali, wao wanaita tô. Kwa mila zao mwanamke kumnyooshea mwanaume mwiko ni dharau kubwa kuliko tusi. Na hapa Kiswahili kimenifurahisha kweli, maana kwetu mwiko ni kile cha kusongea na ni kitu kisichofanyika, yaani wale kina mama bila kujua Kiswahili walikuwa wanamwambia Blaise: hii mwiko. Siku tatu baadae, tarehe 30, bunge likachomwa moto, tarehe 31 mzee kajiuzulu, kakimbilia Ivory Coast.

Sasa yeye kaondoka ila aliacha kitu nyuma, na hicho kitu ndo mada yetu. Kilikuwa kikosi cha ulinzi wa rais, RSP, wanajeshi kama 1,300 hivi. Wana silaha nzuri kuliko jeshi zima, wanalipwa vizuri kuliko jeshi zima, kambi yao iko jirani na ikulu ya Kosyam, jeshi ndani ya jeshi. Mtu wao mkubwa ni jenerali Gilbert Diendéré, mrefu, mpole wa kuongea, miaka yote hiyo ndo alikuwa sikio la Compaoré, anajua siri za nchi nzima na za nchi za jirani pia. Serikali ya mpito ikaundwa, rais ni Michel Kafando, balozi mstaafu, waziri mkuu ni Isaac Zida, na huyu Zida mwenyewe alitokea RSP, alikuwa namba mbili pale. Kwahiyo mwaka mzima wa mpito ni vuta nikuvute, kila miezi michache RSP wanatishia, wanataka Zida atoke, wanatulizwa, wanarudi tena.

Tarehe 14 Septemba 2015 tume ya maridhiano na mageuzi ikatoa ripoti yake, ikashauri RSP ivunjwe. Tarehe 16, Jumatano, baraza la mawaziri liko kikaoni, RSP wakaingia wakawashika rais, waziri mkuu na mawaziri wawili. Siku mbili tu katikati.

Mara nyingi kikosi kinavunjwa baada ya kuasi. Kenya 1982 jeshi la anga lilijaribu, likashindwa, likavunjwa. Sisi wenyewe maasi ya wanajeshi wa kambi ya Colito Januari 1964, Tanganyika Rifles ikavunjwa na JWTZ ikazaliwa Septemba ya mwaka ule ule. Burkina ilikuwa kinyume, hawa waliasi kwa sababu walisikia wanavunjwa. Ukisikiliza sababu walizosoma kwenye televisheni asubuhi ya tarehe 17, kwamba sheria ya uchaguzi imewabagua wagombea wa chama cha zamani cha Compaoré, kuna ukweli kidogo humo, hata mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, mwezi Julai ilikuwa imesema ile sheria ina kasoro. Lakini mimi siamini mtu alihatarisha shingo yake kwa ajili ya sheria ya uchaguzi. Mishahara na kesi bwana. Walijua RSP ikivunjwa, mafaili ya Sankara na ya Zongo yatafunguliwa bila mlinzi mlangoni.

(Kuna mtu anacheka pale mbele. Cheka tu, na wao walicheka, wenyewe waliyaita mapinduzi ya kijinga kuliko yote duniani.)

Kwanini ya kijinga? Kwasababu walifanya kila kitu cha kitabuni. Rais wameshika, televisheni wameshika, mipaka wamefunga, marufuku ya kutembea usiku wametangaza, redio binafsi wamevamia wakazizima, Radio Omega ikafungwa, studio ya Smockey, yule rapa wa Balai Citoyen, wakaipiga kombora. Balai Citoyen ni harakati ya vijana, maana yake ufagio wa raia, Smockey na mwanamuziki mwenzake Sams'K Le Jah ndo walikuwa wanafagia barabara kweli kweli na kuhamasisha vijana tangu enzi za kumtoa Compaoré. Kwa mahesabu ya 1987 ilikuwa imeisha hiyo.

Ila mtu mmoja hawakumshika. Spika wa bunge la mpito, Chérif Sy, mwandishi wa habari kwa kazi. Hakuwepo kwenye kile kikao, akajificha, na kutoka huko alikojificha akatangaza kwamba rais akiwa mateka basi yeye ndo anashika nafasi. Kukawa na redio ya kificho kwenye masafa ya 108, redio ya upinzani, inatoa sauti yake, RSP wanaitafuta mjini hawaioni. Vyama vya wafanyakazi vikatangaza mgomo nchi nzima, na vile vyama vya kule sio vya kuchezea, Januari 1966 ndo walimtoa rais wa kwanza Maurice Yaméogo baada ya kutaka kukata mishahara kwa asilimia 20. Yaani ni watu ambao babu zao walishaona inawezekana.

Afu angalia ramani. RSP wote wako Ouagadougou. Bobo-Dioulasso hawapo. Koudougou hawapo. Ouahigouya, Fada, Kaya, hawapo. Kwahiyo huko mikoani watu walikaa barabarani mchana kweupe wanasema hatumtambui jenerali Diendéré na hakuna wa kuwapiga. Mjini Ouaga ilikuwa tofauti, matairi yanachomwa, magogo na mawe barabarani, RSP wanapita na magari wanachapa watu na kupiga risasi, ndo waliuawa watu 14 na zaidi ya 250 wakaumizwa. Sitaki tupite hapo haraka kwasababu hii hadithi ikisimuliwa huwa inachekesha, jenerali mjinga, wiki moja, lakini kuna nyumba 14 haikuchekesha.

Kule Bobo vijana walifanya kitu ambacho mimi naona ndo kiliamua mambo. Walienda kusimama nje ya kambi ya jeshi. Wakawaambia wanajeshi: nyie mnalipwa kutulinda, mbona mko ndani? Sasa jiweke kwenye viatu vya luteni wa miaka 27. Jeshi lako miaka yote limedharauliwa na RSP, silaha zako za zamani, mshahara wako hauonekani, na nje ya geti kuna mdogo wako, jirani yako, mama muuza maandazi unayemkopa, wote wanakuita jina. Maafisa vijana wakaanza kuwasukuma wakubwa wao.

Wakati huohuo marais wawili wa ECOWAS, Macky Sall wa Senegal na Boni Yayi wa Benin, walikuja kusuluhisha. Tarehe 20, Jumapili, wakatoa rasimu yao: wapinduaji wapewe msamaha na wale wagombea waliokatazwa waruhusiwe. Watu walikasirika kuliko walivyokasirikia mapinduzi yenyewe nadhani. Kule Afrika Magharibi ECOWAS ina jina la utani, wanaiita chama cha wafanyakazi cha marais, na siku ile kila mtu aliona kwanini. Mtu amemzika ndugu yake Ijumaa, Jumapili unamwambia muuaji ana msamaha?

Kesho yake, tarehe 21, misafara ya jeshi ikatoka kambini mikoani kuelekea Ouagadougou, Bobo mpaka Ouaga ni zaidi ya kilomita 300. Na barabarani watu wamejipanga, wanapiga makofi, wanashangilia. Nakuomba ufikirie: barabara ileile ambayo ingewekwa mawe kuwazuia RSP, leo ipo wazi kwa wanajeshi wengine. Usiku ule wakaingia mjini. Diendéré akaona.

Wakaishia kwa Mogho Naba. Huyu ni mfalme wa Wamossi, yupo kitini tangu 1982, katiba haimpi cheo lakini ukigombana Ouaga utapelekwa kwake. Usiku wa tarehe 22 pande mbili zikasaini pale mbele yake, RSP warudi kambini, jeshi lisogee kilomita 50 nje ya mji. Tarehe 23 Kafando akarudishwa ofisini, kesho yake Idi ya kuchinja, watu wakasali na kula nyama kwa amani. Tarehe 25 RSP ikavunjwa rasmi. Baadhi wakagoma kutoa silaha, tarehe 29 jeshi likaipiga kambi yao ya Naaba Koom, Diendéré akakimbilia ubalozi wa Vatikani na tarehe 1 Oktoba akakabidhiwa. Mwenyewe alikiri hadharani kwamba ilikuwa kosa, kwamba wananchi hawakuwa upande wao. 2019 mahakama ya kijeshi ikampa miaka 20, na Aprili 2022, kesi ya Sankara, akapewa kifungo cha maisha pamoja na Compaoré ambaye hakuwepo mahakamani. Lile faili lilifunguliwa kweli.

Sasa hapa kuna mdau kaandika swali kwenye karatasi, ntalijibu sasahivi kwasababu ndo swali lenyewe la leo. Anauliza: "Kama watu wa Burkina wanapenda hivyo demokrasia, mbona Januari 2022 walishangilia mapinduzi?"

Kweli walishangilia. Tarehe 24 Januari 2022 afisa wa jeshi, Damiba, kamtoa Roch Kaboré, rais aliyechaguliwa Novemba 2015 kwa asilimia 53, na watu wakaenda kucheza pale Place de la Nation. Na huyo Damiba aliwahi kutumikia RSP, kwa wanaopenda kejeli za historia.

Mimi jibu langu ni kwamba 2015 hawakutoka kumtetea Kafando. Ungeuliza wengi kati ya wale waliochoma matairi, wangekwambia yule mzee wa kawaida tu. Walikuwa wanalinda kitu chao walichokipata kwa damu mwaka mmoja nyuma, na uchaguzi ulikuwa umepangwa tarehe 11 Oktoba, wiki tatu na ushee mbele, wanauona. 2022 walikuwa na nini cha kulinda? Novemba 2021 kambi ya Inata kaskazini ilivamiwa na wapiganaji wa jihadi, wakafa zaidi ya watu 50, karibu wote askari, na ikajulikana kwamba kamanda wao alishaandika kuwa wiki mbili hawana chakula, wanawinda wanyama ili wale. Hebu fikiria baba wa askari yule anasoma ile barua kwenye simu, mtoto wake amekufa na njaa kabla ya risasi. Huyo utamwambia atoke barabarani kumlinda rais? Manung'uniko yalikuwa yaleyale, ya kudharauliwa, ila safari hii aliyedharau ndo yule waliyemchagua wao.

Na hawakuwa mashabiki wa Damiba pia. Julai 2022 akamkaribisha Compaoré Ouaga, mtu mwenye kifungo cha maisha, akashuka, akapokelewa, akaondoka zake. Watu wakanuna vibaya mno. Tarehe 30 Septemba kapteni Ibrahim Traoré, miaka 34, akamtoa Damiba na barabara zikajaa tena.

Swali la pili la huyohuyo mdau: "Wale vijana wa ufagio wako wapi?" Baadhi ya wanachama wa Balai Citoyen mwanzoni mwa 2024 walichukuliwa na kupelekwa mstari wa mbele kwa lazima, mwanasheria wao Guy Hervé Kam akakamatwa mwezi Januari mwaka huohuo. Kuna wengine wanaomshangilia Traoré kwa moyo wote, na siwezi kuwaita wajinga, wana ndugu zao huko vijijini ambao hawajalala usingizi tangu 2016.

Dada pale nyuma umenyoosha mkono muda mrefu, karibu, shika maiki, ila usikae karibu na spika maana hii inapiga kelele.