Kitambaa Kinachopumua: Mhadhara kwa Mafundi wa Paneli za Sauti

Habari zenu, mafundi. Kabla sijaanza, naomba mmoja wenu apige kofi moja kwa nguvu. Asante. Mmesikia ule mkia uliobaki hewani mikono ikiwa imeshatulia? Kazi yetu, kwa paneli za ukutani zilizovikwa kitambaa, ni kuukata mkia huo. Hatuumalizi wote, maana chumba kisicho na mkia kabisa huchosha, na mtu akiongea humo hujiona kama amefunikwa blanketi.

Mwaka 1895 chuo cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara usiofaa kwa mihadhara. Neno likitamkwa lilivuma zaidi ya sekunde 5, hata la tano likafika la kwanza halijaondoka. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, alipewa kazi ya kuurekebisha. Usiku, pakiwa kimya, alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga, akapuliza bomba la kinanda, akapima kwa saa muda ambao sauti inafifia. Kisha akaongeza mito, akapima tena. Kwa hiyo kanuni tunayotumia mpaka leo ilizaliwa na kitu laini kilichovikwa kitambaa. Ndiyo maana sioni haya kuitwa fundi wa mito.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa eneo linalomeza sauti. Chumba cha mita 10 kwa 6, kimo 3, kina ujazo wa 180. Kikiwa na mita za mraba 20 tu zinazomeza, sauti itavuma karibu sekunde 1.4. Ukitaka ishuke hadi 0.6, unahitaji kama 48. Pengo ni 28, na kwa paneli inayomeza asilimia 90 ya sauti inayoipiga, hiyo ni mita za mraba 31. Mteja akikwambia atanunua paneli nne za kupamba nyuma ya meza yake, mfanyie hesabu hii mbele ya macho yake. Na akitaka paneli zimzuie jirani asisikie, mwambie ukweli: hazizuii. Sauti isipite ukuta ni kazi ya uzito na kuziba nyufa, siyo kazi ya kitambaa.

Sasa tumbo la paneli. Kwa kawaida ni pamba ya kioo au pamba ya mawe iliyoshindiliwa ikawa ubao. Unene wa milimita 25 unatosha kupunguza ukali wa maneno. Mimi naanzia 50. Sababu iko kwenye urefu wa wimbi. Sauti ya hezi 1000, yaani mitikisiko 1000 kwa sekunde, ina wimbi la sentimita 34 hivi, ya hezi 100 ina mita 3.4. Besi huupita ubao mwembamba kana kwamba haupo. Ukiacha nafasi ya hewa nyuma ya paneli, hata milimita 50, utapata umezaji zaidi wa besi bila kununua kitu. Na msidanganywe na ile alama ya NRC, namba inayosema paneli inameza sauti kiasi gani. Ni wastani wa masafa manne, hezi 250, 500, 1000 na 2000. Besi ya hezi 100 haimo.

Sponji je? Najua ni rahisi kukata, lakini sponji ya poliyurethani isiyotiwa dawa ya moto huwaka haraka na moshi wake ni sumu. Tarehe 20 Februari 2003, huko Rhode Island, cheche za fataki za jukwaani zilishika sponji iliyobandikwa ukutani katika klabu ya usiku. Walikufa watu 100. Dai cheti cha moto cha paneli nzima, yaani ubao, gundi na kitambaa vikiwa pamoja. Kila kimoja kupimwa peke yake hakutoshi.

Nikae kwenye kitambaa, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Sauti ni hewa inayotikisika. Inaingia kwenye nyuzi, inasuguana nazo, nguvu yake inageuka joto dogo sana. Hewa isipoingia, hakuna kitu. Basi kabla hujauliza rangi, weka kitambaa mdomoni upulize. Pumzi ikipita bila kuvimbisha mashavu, endelea. Ikigoma, hicho ni ukuta wenye rangi nzuri. Ngozi na plastiki zinagoma. Vitambaa vingi vya makochi vinagoma pia, kwa sababu vimepakwa mpira au akriliki mgongoni. Kwa mbele huoni, kigeuze.

Pili, kisinywe unyevu. Kitani, pamba na sufu hubadilika ukubwa hewa inapobadilika: leo kimekaza kama ngoma, mwezi ujao kina mawimbi. Polista hutulia, na kwa kazi za kawaida sichagui kingine. Tatu, kama kitambaa ni cheupe na chepesi, ubao wa njano utaonekana kwa ndani taa zikiwashwa. Weka kitambaa chembamba cheupe katikati, nacho kipulize pia. Gundi inyunyizwe kama ukungu; ukiipaka kama rangi umeziba matundu yote uliyoyalipia.

Kata paneli zote kutoka jora moja, na chora mshale mgongoni mwa kila moja kuonyesha upande wa juu. Mimi niliwahi kutundika paneli 14 mchana, nikashukuru. Jioni taa zikawashwa, na mbili zikaonekana zimepauka. Kitambaa kilikuwa kilekile, ila nilizigeuza kichwa chini, na vinyweleo vikashika mwanga kwa upande mwingine. Nilizishusha usiku uleule kabla mwenye nyumba hajarudi.

Kushika. Paneli huharibika zaidi kati ya gari na ukuta kuliko miaka yake yote ukutani. Ibebeni wawili, ikiwa imesimama, viganja bapa chini ya ukingo. Vidole vikibonyea usoni vitaacha mashimo yasiyojaa tena. Glavu ziwe safi. Zile ulizobebea saruji asubuhi hazifai. Usiiburute, wala usiiegemeze ukutani siku kadhaa, itapinda. Ilaze bapa, juu ya mbao, mbali na sakafu mbichi. Ikaguliwe pembe wakati dereva bado yupo. Isiletwe kabla plasta na rangi kukauka, na ikishafika ikae siku moja au mbili ndani ya chumba chenyewe, kifungashio kikiwa wazi, izoee hewa ya hapo. Ukikata ubao, vaa barakoa na mikono mirefu, nyuzi zake zinawasha.

Kutundika kuna njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni vyuma vya umbo la Z, kimoja ukutani, kingine mgongoni. Paneli inainuliwa kwanza ndipo ishuke na kushika, kwa hiyo acha nafasi ya sentimita mbili au zaidi juu yake. Nimeona fundi akipima mpaka kwenye dari, halafu akabaki ameishikilia paneli juu kama mtoto anayebatizwa. Ya pili ni vibao vyenye miiba pamoja na gundi. Hapo ukishabonyeza hakuna kusogeza, na kuibandua ni kuichana. Gundi peke yake kwenye dari sikubali kamwe. Na mstari utoke kwenye leza au pima maji. Usifuate dari, dari nyingi zimelala upande.

Zitawanye. Kuta mbili tupu zinazotazamana hurushiana sauti kama mpira, kwa hiyo vika angalau mmoja wao, kimo cha masikio ya waliokaa.

Usafi ni kifyonza vumbi chenye brashi laini. Maji huacha duara.

Mezani kuna vipande 6 vya vitambaa. Viwili havipumui, na ni vile vinavyopendeza kuliko vyote. Kila mtu achukue chake, asibadilishane na jirani, apulize, aniambie.