Mdiria Asiyehitaji Mto

Mabibi na mabwana, wapenzi wa ndege, asanteni kwa kufika. Leo namzungumzia mdiria mdogo ambaye kitaalamu anaitwa Ispidina picta. Wengi hawamwoni kwa sababu moja: wakisikia mdiria, wanakwenda mtoni. Huyu hategemei mto. Mtafuteni vichakani, pembezoni mwa msitu, kwenye nyika yenye miti, hata bustanini, mbali na maji.

Ana urefu wa sentimita 12 hivi, mdomo ukiwemo, na uzito wake haufiki gramu 20. Mgongo ni wa buluu iliyokolea, tumbo ni la rangi ya chungwa, koo jeupe, mdomo na miguu ni myekundu. Tatizo ni kwamba maelezo hayo yanamfaa pia mwenzake mwenye kishungi, Corythornis cristatus, yule anayevua kwenye matete na mafunjo ya Ziwa Naivasha. Kwa hiyo mgongo uacheni, tazameni uso. Kwa yule mwenye kishungi, buluu ya utosini inashuka mpaka kwenye jicho. Kwa huyu wetu inaishia juu zaidi, na kati yake na jicho unapita mstari mpana wa rangi ya chungwa, mfano wa nyusi. Halafu shavu lake lina zambarau ambayo mwenzake hana kabisa. Mdomo mweusi usiwababaishe: huo ni wa ndege mchanga, na wachanga wa aina zote mbili wanao.

Chakula chake ni panzi, vunjajungu, nyenje, viwavi, buibui, na mara nyingine mjusi mdogo au kichura. Anatua kwenye tawi la chini, mara nyingi mita moja au mbili tu kutoka ardhini, anatulia na kukodolea macho nyasi. Akiona kitu anashuka ghafla, anakidaka, anarudi tawini. Panzi hamezwi hivi hivi. Anapigwapigwa tawini kwanza mpaka alegee. Basi mnapomtafuta msipandishe darubini juu ya miti. Na tegeni sikio: akiruka hutoa mlio mwembamba, wa juu, rahisi kuudhania wa mdudu.

Kiota chake ni shimo. Dume na jike wanachimba kwa zamu kwenye ukingo wa udongo, kwenye kichuguu, au hata kwenye dari la pango la mhanga, yule mnyama mla mchwa. Mdomo ndio unaovunja udongo, miguu inausukuma nje. Vidole vyake vya mbele vimeungana kwa sehemu, na hilo humsaidia kukokoa. Njia hiyo huwa na urefu wa sentimita 30 hadi 60, na mwisho wake kuna chumba kisicho na nyasi wala manyoya, mayai meupe yakiwa juu ya udongo mtupu. Wazazi wote wawili huatamia, kwa siku 18 hivi. Anayechonga ukingo au kubomoa kichuguu kwa ajili ya udongo wa matofali wakati huo anafukia familia nzima, kwa kuwa njia ya kutokea ni moja tu.

Sasa jambo linaloniuma zaidi. Wale wanaozaliana kusini mwa Afrika husafiri kuja kaskazini baada ya kuzaliana, na pwani yetu ya Afrika Mashariki huwapokea kati ya Aprili na Septemba. Wanasafiri usiku. Taa huwavuta, kisha wanagonga vioo vya nyumba na hoteli. Usiku wa miezi hiyo zimeni taa za nje zisizo na kazi, na fungeni mapazia. Mkimkuta amezirai, mwekeni kwenye boksi la karatasi lenye matundu, kitambaa chini, mahali penye giza na kimya. Msimpe maji mdomoni. Yanaweza kuingia mapafuni. Msimlazimishe kula. Mpeni saa moja au mbili, kisha pelekeni boksi kwenye vichaka, mbali na vioo, mlifungue. Bawa likining'inia, msimrushe. Mpelekeni kwa daktari wa wanyama.