Kifaranga wa Bata Mwenye Tumbo Bovu: Acha Kwanza Kumlisha

Haya, nyuma mnanisikia? Sawa. Walionisikia kabla ya leo wanajua nitasema nini, na ambao hamjanisikia mnivumilie, kwasababu hii kitu naisema kila nikipewa maiki na watu wanarudi kulekule. Mtu kaokota kifaranga wa bata, yupo peke yake, kalowa, kajikunyata, kinyesi kimemgandia nyuma, na kitu cha kwanza anachofanya ni nini? Anamletea chakula. Tena mkate. Mkate umelowekwa kwenye maziwa! Jamani.

Mnacheka, ila nusu ya mliopo humu mmeshafanya hivo.

Kifaranga wa siku za mwanzo hawezi kujitunzia joto lake mwenyewe, hilo mnalijua, sitalirudia. Ambacho watu hawakiunganishi ni joto na tumbo. Bata mwilini anatembea na nyuzi kama 41 hivi, na utumbo wake umeumbwa kufanya kazi kwenye joto hilo, sasa akipoa ule utumbo unazubaa, hausukumi kitu, ulichomtia mdomoni kinakaa palepale, kinachacha, kinatoa gesi, na wewe unaona tumbo limejaa unafurahi unasema ameshiba. Hajashiba huyo!

Kuna mama mmoja aliletwa kwangu na ndugu yake akiwa na kifaranga kwenye boksi la viatu. Mdomo wote umekauka ujiuji wa mkate, pembeni pale kwenye matundu ya pua pameziba kabisa. Tumbo limevimba, ukiligusa limekaza. Nikachukua mguu wake nikauweka shavuni kwangu, baridi kabisa. Namuuliza mama amekula nini, ananijibu kwa raha zote, anakula vizuri tu, nampa kwa bomba la sindano kila baada ya nusu saa. Mnaelewa hapo? Halafu analalamika kwamba anaharisha. Sasa mi nikamwambia mama, leo mimi na wewe tutakaa hapa na hatutampa kitu. Alinitazama kama namnyima mtoto. Tukachukua chupa tukajaza maji ya moto, tukaizungushia kitambaa, tukailaza upande mmoja wa boksi, mmoja tu, ule mwingine tukauacha ili akizidiwa na joto asogee. Pua tukazisafisha kwa pamba na maji ya uvuguvugu. Basi. Kila baada ya dakika chache mama anauliza, hata kidogo? Namwambia hata kidogo. Hata maji? Tulia mama. Ile miguu ilipoanza kupata joto, kifaranga akainuka, akatikisa mkia, akatoa kinyesi cha majimaji kinanuka vibaya na ndani yake mabonge ya mkate meupe vilevile yalivyoingia, hayajasagwa hata kidogo. Nikamwonesha mama, ona chakula chako. Ndo hapo tukampa maji, akanywa mwenyewe, bila bomba bila nini.

Mama yule ana roho nzuri, sisemi vinginevyo. Shida ni kwamba sisi tukiona kiumbe mdogo mkono unaenda kwenye chakula wenyewe.

Sasa najua kuna mtu hapo anasema moyoni, we unamnyima chakula atakufa njaa. Hafi. Kifaranga akikaribia kutotolewa anakivuta kiini cha yai kilichobaki kinaingia tumboni mwake, anatoka na akiba ya kumtosha siku moja mpaka mbili hivi, na ndo maana vifaranga wa siku moja wanasafirishwa mbali kwenye maboksi na wanafika wazima. Na huyo wako hata kama ana wiki mbili na akiba imeisha zamani, kumpasha joto hakuchukui siku nzima. Mguu ukiupata moto na yeye amechangamka, umemaliza, songa mbele.

Joto kiasi gani? Wiki ya kwanza nyuzi 32 au 33, kisha unashusha kama 3 kila wiki. Ila msinikalie na kipimajoto mkasahau kumtazama mwenyewe. Akihema mdomo wazi na mabawa kayaachia, umezidisha. Akipiga kelele za juu na kujibana kwenye chupa, bado baridi. Yupo kimya anadonoadonoa, muache.

Maji sasa. Maji ya uvuguvugu, na saa chache za mwanzo unaweza kuweka sukari kidogo sana kama amelegea, baada ya hapo maji matupu. Unachovya ncha ya mdomo wake, yeye anakunywa. Bomba la sindano weka mbali, na hapa naomba tusibishane, tundu la kwenda kwenye mapafu lipo hapohapo nyuma ya ulimi, ukimsukumia maji anapaliwa, na kifaranga aliyepaliwa anakufa siku ya pili au ya tatu mtu anasema ni tumbo. Chombo kiwe na kina cha kufunika matundu ya pua, maana bata anayasafishia humohumo, halafu tia mawe asije akazama. Kuogelea hapana. Najua ni bata! Yule wa porini anakaa chini ya mama yake, anakaushwa na kupashwa joto kila akitoka majini, huyu wako hana mama, analowa mpaka kwenye ngozi na tunarudi palepale kwenye baridi.

Na maji yawe karibu na chakula muda wote. Bata anakula, anakimbilia maji, anarudi kula, bila hivo chakula kinamkwama kooni.

Chakula chenyewe ni kile cha kuanzia vifaranga, kisicho na dawa, protini asilimia 18 mpaka 20 hivi, unakilowesha kiwe laini, unaweka kidogo, na baada ya saa chache kilichobaki unatupa. UNATUPA, huweki kwa ajili ya kesho. Hapa lazima niseme kidogo, muda najua. Mwaka 1960 kule Uingereza walikufa batamzinga zaidi ya laki moja na watu hawajui kinawaua nini, na vifaranga wa bata nao wakawa wanakufa. Wakafuatilia wakakuta ni mashudu ya karanga yaliyoota ukungu, na hivo ndivyo sumu ya aflatoksini ilivyojulikana. Kifaranga wa bata ni miongoni mwa ndege wanaodhurika upesi kabisa na hiyo sumu, kiasi kwamba wanasayansi walikuwa wanamtumia yeye kupimia kama chakula kina sumu au hakina. Sasa we unampa mkate wenye ukungu kwasababu ni bata tu, atakula chochote. Hapana. Chakula cha kuku wa mayai pia hapana, kina kalsiamu nyingi mno, figo zake zitaharibika. Maziwa ndo kabisa, ndege hana uwezo wa kusaga ile sukari ya maziwa, anaharisha, na anayeharisha anaishiwa maji haraka.

Kaka pale ameinua mkono, najua ni antibayotiki. Hapana kaka. Hujui ana bakteria gani, au kama anao kabisa, hujui dozi ya kiumbe mwenye gramu 40, na wale wazuri wanaomsaidia kusaga chakula utawaua nao. Hiyo kazi ya daktari.

Kinyesi mjifunze kukisoma. Cha kawaida kina rangi ya kahawia au kijani kijani na weupe juu yake, ule weupe ndo mkojo wake. Mara chache kwa siku anatoa kingine cha kahawia, kinanata, kinanuka balaa, watu wananipigia simu usiku wanalia, huo siyo ugonjwa jamani. Kijani kitupu cha majimaji mara nyingi maana yake halijaingia kitu tumboni. Damu, ondoka hapo ulipo nenda kwa daktari. Na kilichogandia nyuma usikivute! Kiloweshe kwa pamba na maji ya uvuguvugu mpaka kiachie chenyewe, umkaushe vizuri, na uangalie usije ukawa unabandua kitovu, kipo chini kidogo kwenye tumbo, nimeona mtu anakibandua hivihivi.

Nimeoneshwa dakika tano. Niasini basi niiseme haraka, vitamini B3, bata anaihitaji kuliko kifaranga wa kuku, ikipungua miguu inapinda, kwa hiyo kama unatumia chakula cha kuku mchanganyie hamira kavu ya bia, siyo ile hai ya kuumulia unga, hiyo hai itachachia tumboni. Majani yakatwe madogo madogo, marefu yanajisokota ndani. Akianza kula majani mpe na mchanga wa chengachenga, firigisi haisagi bila mawe. Chini weka taulo, usiweke gazeti, anateleza miguu inachanuka. Mikono mnawe, salmonela ipo, wale bakteria wa kuharisha wanaompata na binadamu, na watoto chini ya miaka 5 wasimshike.

Kwa daktari unaenda lini? Tumbo limekaza na amepata joto saa kadhaa lakini hatoi kitu, shingo imelegea haiinuki, anahema kwa shida, au damu kama nilivyosema. Nenda na kinyesi chenyewe kwenye kifuko, kibichi, cha siku hiyohiyo, na chakula ulichokuwa unampa ukibebe pia hata kama unaona aibu. Njiani chupa ya moto iwe ndani ya boksi, na tafadhali, msimlishe kwenye gari.