Ubora wa Maisha Hausomwi Kwenye Picha: Mhadhara kwa Wanaochagua Shule ya Sheria Marekani

Ndugu mwenyekiti, wageni waalikwa, na ninyi vijana mliokaa huku mbele,

Nashukuru kwa kualikwa tena, ingawa najua wamo humu watu waliokwisha kunisikia nikilisema jambo hili mara tatu au nne. Hao nawaomba radhi mapema, kwa kuwa sina jipya. Nina lile lile, na nitalirudia hadi litakapoingia. Mada niliyopewa ni namna ya kuchagua shule ya sheria nchini Marekani kwa kuzingatia ubora wa maisha. Hamhitaji niwaeleze kwamba masomo hayo huchukua miaka 3, kwamba huyaanza mtu aliyekwisha kupata shahada ya kwanza, wala kwamba mbele yake kuna mtihani wa uwakili. Nitaanzia pale mnapokosea.

Mtu akisikia maneno haya, ubora wa maisha, huwaza jua, ufukwe, ukumbi wa mazoezi wenye kuta za vioo, na ile picha ya wanafunzi wanne wanaocheka chini ya mti huku wamekumbatia vitabu ambavyo, kwa uzito wake, sijawahi kumwona mtu akivibeba huku anacheka. Nusu saa iliyopita, kabla sijapanda hapa, binti mmoja alinionesha kwenye simu yake barua mbili za kukubaliwa, akaniuliza ni upi kati ya miji hiyo miwili wenye baridi nafuu. Nikamwuliza alama za mwaka wa kwanza hutolewaje katika shule hizo. Hakujua. Nikamwuliza ufadhili alioahidiwa una sharti gani. Akajibu, "Nadhani hauna." Nikamwomba anisubiri hadi nimalize.

Basi tuanze na alama, na wanaonifahamu wanajua kwamba huenda tusitoke hapo.

Katika shule nyingi za sheria za Marekani, somo la mwaka wa kwanza huwa na mtihani mmoja mkubwa mwishoni mwa muhula, karatasi ya majibu huandikwa namba badala ya jina, na alama hugawanywa kwa mgawo uliopangwa kabla mtu yeyote hajaandika neno. Shule imekwisha kuamua wastani wa darasa uwe kiasi gani, au ni sehemu gani ya darasa ipate A na sehemu gani ibaki chini, na mhadhiri hata akifurahishwa na karatasi zote hawezi kuzipa zote alama nzuri. Kwa hiyo alama yako hueleza umewapita wangapi, na juu ya kiasi cha sheria ulichokielewa hueleza kidogo sana. Shule hutofautiana mno katika ukali wa mgawo huo, na tofauti hiyo ndiyo itakayoamua utaishi na jirani wa namna gani kwa miaka mitatu.

Niwape kisa changu, na shule yenyewe sitaitaja. Katika juma la sita la muhula wangu wa kwanza nilishikwa na homa, nikakosa vipindi vya siku nne, kikiwemo kile cha taratibu za mashauri ya madai, ambacho ukikikosa mara moja unakuwa kama mtu aliyeingia katikati ya mazungumzo ya ukoo usioujua. Niliporudi nilimwomba muhtasari mwenzangu niliyekaa naye dawati moja tangu siku ya kwanza. Hakuwa mtu mbaya. Wiki moja kabla ya hapo alinipa mwavuli wake, akaondoka analowa. Lakini nilipotaja muhtasari aliweka kiganja juu ya kompyuta yake, akaishusha taratibu sana, kama mtu anayefunga mlango bila kutaka bawaba zilie, akasema, "Bado sijausafisha." Baada ya wiki mbili nilimwuliza tena, na ulikuwa haujasafika. Kitabu cha maktaba chenye mitihani ya miaka ya nyuma kilipotea Oktoba. Nilikiona mwezi Mei, mitihani yote ikiwa imekwisha, nyuma ya vitabu vya kodi, mahali ambapo kitabu hakiwezi kufika kwa miguu yake.

Sikumlaumu mwenzangu yule wakati huo, na simlaumu leo. Tulikuwa tumewekwa kwenye mizani moja, yeye kitanga hiki na mimi kitanga kile, na aliyetuweka humo ni uongozi wa shule uliochagua mgawo ule. Mwaka wa pili nilihamia shule nyingine, ambayo haikuwa na ufukwe wala jua la kusifiwa. Madaraja ya alama pale yalikuwa machache na mapana, na hakuna mwanafunzi aliyetangaziwa ameshika nafasi ya ngapi. Siku ya tatu tu, mtu ambaye hata jina langu hakulijua vizuri alinitumia jalada la pamoja lenye mihtasari ya kila somo, likirithishwa na kundi baada ya kundi, na pembeni mwa kurasa kukiwa na masahihisho ya watu watano au sita tofauti: mmoja amekosea, mwingine amemrekebisha, wa tatu amemtania aliyekosea. Nililisoma jalada lile usiku kucha, kisha nikalala vizuri kuliko nilivyolala mwaka mzima uliotangulia.

Hapa huwa anasimama mtu, na namwona mzee mmoja kule nyuma amekwisha kukaa mkao huo, kusema kwamba uwakili ni ushindani na kijana lazima akomae. Nakubali kwamba uwakili ni ushindani. Lakini wakili hushindana na upande wa pili wa mahakama. Hashindani na mwenzake wanayeandaa naye jalada moja la kesi, na akifanya hivyo hafukuzwi na maadili, hufukuzwa na mteja. Na kama mgawo mkali ndio unaowakomaza watu, mbona shule zenye majina makubwa kuliko zote zimeukwepa? Yale haitoi alama za madaraja katika muhula wa kwanza. Mwanafunzi hufaulu au hafaulu, basi. Stanford na Harvard zilitangaza mwaka 2008 kwamba zinaachana na mfumo wa herufi za A na B na kutumia madaraja machache. Sijasikia kwamba wahitimu wao wamekosa kazi kwa kutokukomaa.

Sasa unganisheni alama na fedha, maana hapo ndipo watu huumia zaidi. Shule nyingi humwandikia mwombaji barua nzuri yenye ufadhili, kisha katika aya isiyo na wino mzito humwambia kwamba ufadhili utaendelea iwapo atabaki na wastani fulani au katika nafasi fulani ya darasa. Mwombaji hutazama sharti lile akijipima kwa shahada yake ya kwanza, ambako kubaki katika nusu ya juu ilikuwa kazi ya kawaida, akasaini. Hebu tupige hesabu. Chukulieni darasa la wanafunzi 200, ambamo 120 wamepewa ufadhili kwa sharti la kubaki katika nusu ya juu. Nusu ya juu ina viti 100. Hata kama wale 80 wasio na ufadhili wangeshika mkia wote, kitu ambacho hakitatokea, bado wafadhiliwa 20 watakuwa wamepoteza fedha zao mwishoni mwa mwaka wa kwanza, na walipoteza siku waliposaini. Wanaweza kusoma usiku na mchana wote 120; viti haviongezeki. Kisha mniambie maisha ya mtu huyo kati ya Oktoba na Mei yana ubora gani, hata akiwekewa bahari mbele ya dirisha.

Mtaniuliza mtajuaje. Shule zilizoidhinishwa na Chama cha Wanasheria cha Marekani zinalazimika, kwa kanuni ya 509 ya chama hicho, kuchapisha kila mwaka taarifa ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma bure. Humo kuna idadi ya wanafunzi walioingia na ufadhili wenye sharti na idadi ya walioupoteza au kupunguziwa. Ufadhili unaodai tu kwamba usifukuzwe kwa kufeli hauhesabiwi hapo, kwa hiyo mkiona namba, jueni ni ule wa kushindania. Kuna pia idadi ya walioacha masomo, waliofeli wakitengwa na walioondoka kwa sababu nyingine, na idadi ya waliohamia shule nyingine. Shule ambayo wanafunzi wake wanaihama kwa makundi baada ya mwaka wa kwanza imekwisha kuwaeleza jambo ambalo kipeperushi chake hakitawaeleza. Kurasa chache tu! Kila mwaka nawaonesha vijana taarifa hiyo, na kila mwaka wananiuliza habari za baridi.

Wapo watakaosema kwamba orodha za magazeti zinazopanga shule kwa nafasi zinatosha, kwa sababu nyingine zina hata kipengele cha maisha ya wanafunzi. Orodha mashuhuri kuliko zote, ile ya jarida la U.S. News & World Report, ndiyo ambayo Yale na Harvard zilitangaza siku moja, Novemba 16, 2022, kwamba hazitaipelekea tena takwimu zao, na nyingine kadhaa zikafuata. Nafasi ya shule ina uzito, sikatai, hasa kwa anayetaka kuwa mhadhiri au kufanya kazi kwa jaji wa shirikisho. Ila tofauti ya nafasi tano au kumi katikati ya orodha haifai kumpeleka mtu mahali asipoweza kulala.

Utafiti upo, na nitaugusa tu kwa sababu mwenyekiti ameanza kutazama saa. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Kennon Sheldon na mhadhiri wa sheria Lawrence Krieger walichapisha utafiti uliowafuatilia wanafunzi wa shule mbili za sheria kwa miaka yao mitatu. Hali ya nafsi ilishuka kote kuwili, lakini wanafunzi waliohisi kwamba wahadhiri wanawasikiliza, wanawapa sababu za wanachodai na kuwaachia nafasi ya kuchagua hawakushuka sana kama wenzao, na waliondoka na alama nzuri zaidi. Katika uchunguzi mwingine uliofanywa mwaka 2014 katika shule 15, asilimia 42 ya waliojibu walisema waliona wanahitaji msaada kwa ajili ya afya ya akili, lakini ni karibu nusu yao tu waliokwenda kuutafuta. Wengi waliogopa kwamba kuonekana kwa mshauri kungewaharibia kuandikishwa kuwa mawakili. Kwa hiyo mkiitembelea shule, ulizeni mshauri yuko wapi, na nani anaweza kukuona ukiingia mlangoni kwake. Nimepata kuoneshwa ofisi ya mshauri iliyotazamana na ofisi ya ajira, mlango kwa mlango.

Na mkitembelea, msiende siku ya wageni. Siku hiyo hata ukuta huwa umepakwa rangi. Nendeni siku ya kawaida ya Novemba, wiki chache kabla ya mitihani, mkakae maktaba saa nne usiku, mtazame kama watu wanaulizana maswali au kila mmoja amejizungushia mkoba na koti kama boma.

Kuhusu gharama za kuishi nilikuwa na mengi, nitayafupisha. Taarifa ya 509 ina makadirio ya gharama hizo, na katika miji mikubwa kodi ya nyumba inaweza kula ufadhili wote. Chini ya sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025, mikopo mipya ya serikali ya shirikisho kwa wanafunzi wa fani kama sheria imewekewa kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, kuanzia Julai 1, 2026. Zaidi ya hapo ni mikopo ya benki binafsi. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo ya F-1 hata mikopo hiyo ya serikali hana, na muhula ukiendelea haruhusiwi kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa wiki. Mwenye familia azingatie umbali wa nyumba na shule kabla ya kitu kingine. Anayejua jimbo atakalofanyia kazi asome huko huko, na kama jimbo lenyewe ni Wisconsin, wahitimu wa shule zake mbili za sheria huandikishwa bila kufanya mtihani wa uwakili, jambo ambalo naliona lina thamani kuliko fukwe zote za California.

Nilikusudia kuzungumzia pia baridi, kwa heshima ya walioniuliza. Koti zuri linatosha.

Naona nimekatwa. Maswali yatapokelewa nje, lakini yule binti mwenye barua mbili abaki. Aje hapa mezani na simu yake, na tufungue kwanza ile barua ya mji wenye jua, tutafute aya ya sharti, kisha taarifa ya shule hiyo, tuhesabu viti.