Bunduki za Kuchezea Siku ya Idi: Tuzuie Nini Hasa?

Maalim: Assalaam aleikum wasikilizaji wetu wa hapa Lamu, mlioko Amu, Shela, Pate na popote mlipo. Karibuni tena katika podikasti yetu, mimi mwalimu wa madrasa na mwenzangu wakili. Jambo lililotukalisha leo ni zile bunduki za plastiki zinazojaa madukani na kwenye meza za wachuuzi kila Idi inapokaribia. Ni nyeusi, zina mtutu, kilimi na magazini ya kuchomoa, na mtu akiziona kwa umbali wa hatua 20 kwenye kichochoro chenye giza hawezi kuzitofautisha na silaha ya askari. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: nataka zipigwe marufuku.

Wakili: Waaleikum salaam, Maalim. Lengo lako ni langu pia, ila neno "marufuku" lanitia wasiwasi likisimama peke yake. Mtoto wa pwani, hata asiponunuliwa kitu, ataokota kipande cha upongoo akiweke begani awe askari, na sheria haiwezi kumfuata huko wala haifai kumfuata. Ndiyo maana napenda tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna bunduki inayorusha kitu, ambayo hatari yake ni jeraha, na kuna bunduki inayofanana na ya kweli, ambayo hatari yake ni kudhaniwa. Bidhaa moja yaweza kuwa na hatari zote mbili, lakini dawa zake si moja.

Maalim: Basi tuanze na jeraha, kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi nikiwatazama wanafunzi wangu. Bunduki nyingi za aina hii hurusha vijipira vya plastiki vyenye kipenyo cha milimita 6. Mguuni kijipira huacha alama nyekundu tu, na hapo ndipo wazazi hudanganyika. Kikipiga jicho, damu huweza kuvilia ndani ya sehemu ya mbele, mtoto akalalamika kidogo kisha akanyamaza, na mama akadhani yamekwisha. Presha ya jicho huweza kupanda baadaye na kuuharibu mshipa wa kuonea polepole, hata miezi au miaka baada ya siku yenyewe. Mwaka 2015, kule Afghanistan, watu zaidi ya 100 waliumia katika sikukuu za Idi al-Fitr kwa bunduki za namna hii, wengi wao wakiwa watoto waliopigwa machoni, na serikali ikazipiga marufuku. Idi ni ileile, na mkono wa Idi unaotumika kuzinunua ni uleule tunaowapa watoto wetu hapa.

Wakili: Kabla hatujaendelea, waeleze wasikilizaji la kufanya jicho likipigwa.

Maalim: Asilisugue, asilibonyeze, na asitiwe dawa ya matone ya jirani. Lifunikwe kwa kitu kigumu kisichogusa jicho lenyewe, kwa mfano kitako cha kikombe cha karatasi, mtoto akae wima, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata kama anasema haoni shida. Kwa mtu wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, maana yake ni kutafuta boti, na najua boti ni gharama, lakini asingoje asubuhi.

Wakili: Kuhusu hatari hiyo sina ubishi nawe hata kidogo. Bunduki ya kurusha vijipira vigumu isiuzwe kwa mtoto, iwe nyeusi au ya waridi, kwa sababu rangi haizuii kijipira. Sasa nije kwenye la kudhaniwa, ambako mjadala ni mrefu na umegharimu maisha. Marekani ilitunga sheria mwaka 1988 inayotaka bunduki za kuchezea ziwe na alama ya rangi ya machungwa kwenye mdomo wa mtutu, lakini sheria hiyo iliziacha nje bunduki za hewa za jadi zinazorusha vijipira vya chuma au risasi ndogo.

Maalim: Na hiyo alama haitoshi? Mtu akiiona si atajua?

Wakili: Akiiona. Kitu kidogo kilichobandikwa mbele huvunjika, hupakwa rangi au hung'olewa na mtoto mwenyewe kwa sababu anataka bunduki yake ionekane ya kweli. Tarehe 22 Novemba 2014, mjini Cleveland, jimbo la Ohio, mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, alikuwa akichezea nje ya kituo cha michezo bunduki ya hewa ya vijipira vya plastiki iliyofanana na bastola, ambayo alama yake ya machungwa ilikuwa imeondolewa. Mtu mmoja alipiga simu akaeleza kwamba huenda bunduki ile ni bandia na huenda mwenyewe ni mtoto, lakini maelezo hayo hayakuwafikia askari waliotumwa. Gari lao lilipofika, hazikutimia sekunde 2 kabla mmoja wao hajafyatua risasi. Tamir alifariki siku iliyofuata. Mwaka 2016 jiji lilikubali kuilipa familia yake dola milioni 6, na hakuna askari aliyefunguliwa mashtaka. Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 22 Oktoba 2013, Andy Lopez wa miaka 13 alikuwa ameuawa huko Santa Rosa, California, akitembea na bunduki ya hewa iliyofanana na AK-47.

Maalim: Inna lillahi. Lakini hapo niruhusu nikuulize wanavyouliza wengi: kosa lilikuwa la kitu cha kuchezea au la askari asiyengoja hata kupumua?

Wakili: Swali hilo ni la haki, Maalim, na nisingependa tulipite mbio. Wapo wanaopinga sheria za bunduki za kuchezea kwa sababu hiyohiyo, wakisema zinamtwika mtoto na mzazi mzigo wa kosa la polisi. Nakubaliana nao kwa hili: plastiki haikumfyatulia mtu risasi, na sheria ya madukani isigeuzwe kisingizio cha askari. Pale Cleveland taarifa ya kuokoa maisha ilikuwepo na ikapotea mezani pa mpokea simu. Hata hivyo, wajibu wa askari haumwondolei muuzaji wajibu wake. California haikungoja polisi wabadilike. Mwaka 2014 ilipitisha sheria, iliyoanza kutumika 2016, inayotaka bunduki za hewa za aina hii ziongezewe alama za rangi kali zaidi ya ile ya mdomoni.

Maalim: Nasi hapa tuna sababu zetu. Tangu mashambulizi yaliyoua watu wengi Mpeketoni mwezi Juni 2014, kafyu iliyofuata, na operesheni ya kuwasaka wapiganaji wa al-Shabaab katika msitu wa Boni iliyoanza 2015, kijana wa Lamu amekulia kwenye vizuizi vya barabarani, akishuka garini kuonyesha kitambulisho. Mfikirie mtoto anayetoka Mokowe kwa basi kwenda kwa shangazi yake Malindi, na ndani ya begi lake mna bastola nyeusi ya plastiki aliyonunuliwa Idi. Begi linafunguliwa mbele ya askari aliyepoteza wenzake katika njia hiyohiyo. Hata pasitokee kifo, mzazi wake atakuwa na maswali ya kujibu, na abiria wote watakaa juani wakingoja.

Wakili: Mfano huo ndio unaonisukuma kwenye sheria ya Uingereza, ambayo naiona bora kuliko ya Marekani. Sheria yao ya mwaka 2006 ilifanya kuwa kosa kutengeneza, kuingiza nchini au kuuza mfano wa bunduki unaofanana na wa kweli, na ikakataza kuuzia walio chini ya miaka 18 mfano wowote wa bunduki. Kanuni za 2007 zikaeleza kipi hakihesabiwi kufanana: kitu kinachopitisha mwanga, au chenye rangi kali kama nyekundu, machungwa, njano, kijani, waridi, zambarau au buluu, au kilicho kidogo kuliko milimita 38 kwa kimo na 70 kwa urefu. Makumbusho, michezo ya jukwaani na filamu ziliachiwa nafasi. Uzuri wake ni kwamba mwili mzima ndio unaosema "mimi si silaha", na mwenye kubanwa ni mwagizaji na muuzaji, wala si mtoto.

Maalim: Na Kenya?

Wakili: Sheria yetu ya Silaha, Sura ya 114, kifungu cha 34, humtia hatiani anayetumia bunduki au mfano wa bunduki kwa nia ya kutenda jinai. Kifungu hicho ni muhimu, maana anayeporwa kwa bastola bandia haogopi kidogo kuliko anayeporwa kwa ya kweli. Lakini kinagusa matumizi ya mhalifu. Hakimwambii muuza duka wa Langoni aweke nini kwenye rafu yake.

Maalim: Basi Bunge la Kaunti litunge.

Wakili: Laweza, kwa kiasi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti udhibiti wa biashara, masoko na leseni, kwa hiyo sharti la leseni linalokataza kumuuzia mtoto bunduki ya kurusha vijipira liko ndani ya uwezo wake. Biashara ya kimataifa na polisi ni mambo ya serikali kuu. Bidhaa hizi huja kwa makontena, na bidhaa za kutoka nje hutakiwa kukaguliwa kwa viwango vya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kabla hazijasafirishwa, utaratibu ulioanza 2005. Kigezo cha rangi kikiingizwa hapo, mzigo mweusi utakataliwa huko utokako, na hatutamwandama mama mwenye meza moja ambaye mtaji wake wote wa Idi umo katika katoni mbili.

Maalim: Huyo mama namwonea huruma mimi pia, na ndiyo maana nataka apewe taarifa mapema, miezi kadhaa kabla ya sikukuu, si kunyang'anywa mali siku ya Arafa. Lakini Wakili, hata hiyo ya njano bado siitaki mikononi mwa mtoto wangu.

Wakili: Usimnunulie, Maalim. Hiyo ni haki yako kama mzazi, na nyumbani kwangu nami sinunui. Katika barua yetu kwa wawakilishi wa wadi tuombe tunayoafikiana: vijipira visiuzwe kwa watoto, na kaunti iiandikie KEBS kuhusu rangi ya mwili mzima.

Maalim: Andika hayo mawili, na chini yake uweke kwamba mmoja wetu angependa zaidi. Nitaitia sahihi.