Nani Mwenye Jengo? Jinsi Eldorado ya Reno Ilivyoinunua Caesars

Mhadhara kwa wanafunzi wa biashara na wenye hoteli, Tanga

Asalaam aleikum, na habari za jioni. Nawashukuru wazee wangu mliofika, ndugu zangu wenye hoteli za Raskazone, na nyinyi vijana wa uhasibu mliojaa safu za nyuma.

Hapa Tanga habari ya kampuni moja kuinunua nyingine si ngeni. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba Scancem ya kundi la Heidelberg, kundi ambalo tayari lilikuwa na saruji ya Twiga, inanunua asilimia 68.33 ya hisa za Tanga Cement. Tume ya Ushindani iliridhia, kisha mwaka 2022 Baraza la Ushindani likaibatilisha idhini hiyo. Kwa hiyo mnajua tayari jambo ambalo wengine hulisoma vitabuni tu: mnunuzi na muuzaji wakishapatana bei, safari bado ndefu.

Jioni hii tuutazame ununuzi wa Marekani, wa hoteli za kasino. Najua kwa wengi humu kamari ni haramu, na sikuja kuisifu. Nimeichagua biashara hii kwa sababu hesabu zake ziko hadharani. Kampuni zake ziko kwenye soko la hisa, leseni zao zinachunguzwa kila jimbo, na mikataba yao mikubwa hutangazwa pamoja na bei, deni na kodi ya pango. Mwenye hoteli ya vyumba 20 anaweza kujifunza humo kwa faida kuliko kwenye hotuba za kutia moyo.

Ninalotaka kuwaonyesha ni hili: kampuni hizi zimekua kwa kuuza majengo yao. Linasikika kama kinyume, ndiyo maana tutalihesabu.

Tuanze na mnunuzi. Eldorado, hoteli ya kasino, ilifunguliwa mwaka 1973 mjini Reno, Nevada, na familia ya Carano. Reno si Las Vegas. Ni mji mdogo zaidi, kaskazini mwa jimbo hilohilo. Kwa miaka zaidi ya 40 Eldorado ilibaki kampuni ya familia, na mwaka 1995 ikajenga kasino ya Silver Legacy jirani yake kwa ubia na Circus Circus, kampuni nyingine ya kasino. Mwaka 2014 iliungana na MTR Gaming, iliyokuwa na kasino za mbio za farasi katika West Virginia, Pennsylvania na Ohio. Msiupite haraka muungano huo. MTR ilikuwa tayari kwenye soko la hisa, hivyo Eldorado ilipoungana nayo ikapata hisa zinazouzika. Kabla ya hapo, kununua kampuni kulihitaji fedha taslimu au mkopo. Baada ya hapo iliweza kulipa sehemu ya bei kwa karatasi zake yenyewe.

Mwaka 2015 ikanunua nusu iliyobaki ya Silver Legacy pamoja na Circus Circus ya Reno kwa dola milioni 72.5. Mwaka 2017 ikaichukua kampuni ya kasino ya Isle of Capri kwa dola bilioni 1.7, deni likiwa ndani ya hesabu hiyo. Angalieni ngazi zinavyopanda, na kila moja imekanyagwa kabla ya kwenda nyingine.

Sasa tufike Tropicana, kampuni nyingine ya kasino ambayo Eldorado iliinunua mwaka 2018. Hapa naomba wenye kalamu waandike.

Bei ya kampuni nzima ilikuwa dola bilioni 1.85. Eldorado haikutoa zote. Kampuni ya pili, Gaming and Leisure Properties, ambayo kazi yake ni kumiliki majengo ya kasino na kuyapangisha, ilitoa bilioni 1.21 ikachukua ardhi na majengo. Eldorado ikatoa milioni 640 tu, ikachukua uendeshaji: leseni, wafanyakazi, mashine, meza, jina, na orodha ya wateja. Kisha ikasaini mkataba wa kupanga majengo yaleyale kwa milioni 110 kwa mwaka.

Gawanyeni 110 kwa 1,210. Mnapata karibu asilimia 9.1. Hiyo ndiyo bei halisi ya fedha aliyoipata Eldorado, sawa na riba, ila ina tofauti mbili na mkopo wa benki. Mkopo una mwisho, lakini kodi ya pango haipunguzi mtaji hata senti. Ukilipa miaka 15, jengo bado si lako. Tofauti ya pili ni kwamba mikataba hii ni ya aina ambayo mpangaji hubeba kila kitu: bima, kodi ya majengo, na matengenezo yote hadi paa likivuja. Mwenye jengo anapokea kodi yake safi.

Kwa nini mwenye jengo akubali kulipa ghali hivyo? Sababu ni sheria ya kodi ya Marekani. Kampuni ya uwekezaji wa majengo ikigawa angalau asilimia 90 ya mapato yake yanayotozwa kodi kwa wanahisa, kwenye mapato inayoyagawa hailipi kodi ya kampuni. Wanaonunua hisa zake ni watu wanaotaka gawio la uhakika kila robo mwaka, mifuko ya pensheni ikiwamo, na watu hao hulipia uhakika. Mfano mkali zaidi ni wa MGM, kampuni nyingine ya kasino: mwaka 2019 iliiuza hoteli yake ya Bellagio kwa kampuni iliyoundwa na wawekezaji wa Blackstone kwa dola bilioni 4.25, ikaipanga tena kwa milioni 245 kwa mwaka. Hiyo ni asilimia 5.8 hivi. Kwa maneno mengine, kila dola 1 ya kodi ya pango iliuzwa kwa dola 17. Soko la hisa halikuwa likilipa kiasi hicho kwa dola moja ya faida ya kuendesha kasino. Tofauti kati ya bei hizo mbili ndiyo iliyokuwa ikiendesha miungano yote hii, na asiyeiona atadhani wakubwa hawa wana ujuzi wa ajabu wa kucheza karata.

Tuje kwa aliyenunuliwa. Harrah's, iliyoanzia Reno hiyohiyo mwaka 1937 kama ukumbi wa bingo, iliinunua Caesars mwaka 2005, na baadaye ikajiita kwa jina hilo la Caesars. Januari 2008 kampuni mbili za uwekezaji, Apollo na TPG, zikaichukua Harrah's kwa dola 90 kwa hisa. Ukijumlisha deni, ununuzi ulifika karibu bilioni 31. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mkopo, na mkopo uliwekwa juu ya kampuni iliyonunuliwa, si juu ya wanunuzi. Mwaka huohuo uchumi ukaporomoka. Mapato ya kamari kwenye barabara kuu ya kasino Las Vegas, yaliyokuwa karibu bilioni 6.8 mwaka 2007, yalishuka hadi kama bilioni 5.6 mwaka 2009.

Fanyeni hesabu: hiyo ni pungufu ya asilimia 18 hivi. Biashara nyingi huweza kuishi na pungufu hiyo. Hoteli ya kasino yenye deni zito haiwezi, kwa sababu gharama zake nyingi hazishuki pamoja na wageni. Taa zinawaka, lifti zinapanda, usalama na kamera haviondolewi kwa masharti ya leseni, na riba inafika tarehe ileile. Wageni hawakukoma kuja Caesars. Kilichoiangusha ni bei iliyolipwa mwaka 2008, na huo ndio msimamo wangu hata nikisoma watetezi wa wanunuzi wale. Januari 2015 kampuni tanzu yake kubwa iliomba ulinzi wa mahakama ikiwa na deni la takriban bilioni 18. Mchunguzi aliyeteuliwa na mahakama alieleza kuwa madai dhidi ya wamiliki, kwa mali zilizohamishwa toka kampuni tanzu hiyo, yangeweza kufikia bilioni 3.6 hadi 5.1. Suluhu ilipatikana Oktoba 2017, na sehemu yake ilikuwa kuyatoa majengo na kuyaweka kwenye kampuni mpya, VICI. Waliokuwa wadai wakawa wenye nyumba.

Hapo ndipo Eldorado ilipoingia. Juni 2019 ilitangaza kuinunua Caesars kwa dola bilioni 17.3 pamoja na deni. Kila hisa ya Caesars ililipwa dola 8.40 taslimu na kipande cha 0.0899 cha hisa ya Eldorado. Wanahisa wa Eldorado wangebaki na asilimia 51, wa Caesars 49. Na VICI ikachangia bilioni 3.2: bilioni 1.8 kwa majengo matatu ya Harrah's, ya New Orleans, Laughlin na Atlantic City, na zilizobaki kwa kubadilisha mikataba ya pango iliyokuwapo. Kodi ya majengo hayo matatu: milioni 154 kwa mwaka. Gawanyeni wenyewe mwone asilimia.

Kisha likaja lililokuwa gumu, yaani idhini. Kila jimbo lenye kasino lina chombo chake cha leseni, nacho huchunguza kampuni, viongozi wake na wanahisa wakubwa. Juu yao ipo tume ya taifa ya ushindani. Tume hiyo haikuuliza kama kampuni mpya itakuwa kubwa Marekani nzima. Iliuliza mgeni wa mji fulani atabaki na chaguo gani. Eldorado ikatakiwa kuuza kasino eneo la Lake Tahoe na nyingine Shreveport, zote zikaenda kwa Twin River, kampuni nyingine ya kasino, kwa jumla ya milioni 155. Indiana ikadai kasino 3 ziuzwe, ingawa baadaye iliruhusu moja ibakie. New Jersey ikataka milioni 400 zitengwe kukarabati hoteli za Atlantic City ndani ya miaka 3. Sharti hili nalipenda. Mnunuzi mwenye deni huanza kubana kwenye matengenezo, kwa sababu mgeni haoni bomba lililooza mwaka wa kwanza. Anaona mwaka wa tatu.

Hapa kwetu kipimo kipo pia: wakati wa kesi ya saruji, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ilimhesabu mwenye zaidi ya asilimia 35 ya soko kuwa na nguvu ya kulitawala, ikiwa pia aliweza peke yake kupunguza ushindani kwa muda mrefu kwa faida yake. Ndiyo sababu kesi hiyo ilibishaniwa kwa asilimia.

Katikati ya kusubiri idhini, likaingia korona. Nevada ilifunga kasino zote Machi 18, 2020, hadi Juni 4. Mapato sifuri, kodi ya pango inaendelea. Eldorado haikurudi nyuma. Iliuza hisa mpya na kukopa kwa hati fungani za asilimia 6.25 zenye dhamana na asilimia 8.125 zisizo na dhamana. Riba hizo ziko juu, na zinaonyesha wakopeshaji waliogopa. Ununuzi ukakamilika Julai 20, 2020. Eldorado ikachukua jina la Caesars, makao makuu yakabaki Reno, na kampuni ikawa na kasino zaidi ya 50.

Baada ya kusaini huanza kazi isiyoandikwa magazetini. Waliahidi kuokoa milioni 500 kwa mwaka. Zinatoka wapi? Ofisi kuu mbili huwa moja. Manunuzi ya shuka, nyama na sabuni hufanywa kwa pamoja. Zawadi kwa wachezaji, yaani vyumba vya bure, chakula na vocha, hupimwa upya mteja mmoja mmoja: anayeacha dola 100 hapewi vitu vya dola 80. Kadi ya uaminifu ya Caesars ikaenezwa kwenye nyumba za zamani za Eldorado, ili mgeni wa Ohio atumie pointi zake Las Vegas. Kadi hiyo ndiyo mali yenye thamani kubwa kuliko vinara vya kioo vilivyoning'inia ukumbini, maana mgeni wa mji mdogo ndiye anayejaza vyumba vya mji mkubwa.

Lakini ukiweka wateja wote kwenye daftari moja, mwizi naye anahitaji mlango mmoja. Septemba 2023 Caesars ilieleza kwamba nakala ya kumbukumbu za wanachama wa kadi yake ilichukuliwa, baada ya wahalifu kumlaghai mtoa huduma wa nje wa kompyuta. Hapakuvunjwa kitasa. Mtu alidanganywa.

Kuhusu William Hill, kampuni ya ubashiri ya Uingereza, nitasema kwa kifupi: Caesars waliinunua mwaka 2021 kwa pauni bilioni 2.9 kwa ajili ya ubashiri wa michezo wa Marekani, kisha biashara ya nje ya Marekani wakaiuzia kampuni ya kamari ya mtandaoni iitwayo 888.

Ndugu mmoja ameuliza kama mwenye hoteli wa hapa anaweza kufanya kama Tropicana. Anaweza, ila hapa ardhi ni ya umma na tunachouziana ni haki ya kuitumia, kwa hati ya miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo, kaka yangu, kabla hujamuuzia mtu jengo ukabaki mpangaji, soma hati imebaki miaka mingapi, na mkataba wa pango usiuzidi muda huo. Chukua mapato yako ya miezi ya masika, wakati wageni wamekauka, toa mishahara, umeme na maji, ugawe kilichobaki kwa kodi ya mwezi. Ukipata chini ya 1, usisaini kabla hujaona akiba ya kuziba miezi hiyo iko benki. Na kifungu cha kupanda kwa kodi kila mwaka kifungwe kwa kiwango kinachotajwa, si kwa maneno "kulingana na soko". Nani wa pili?