Uso wa Mzee kwa Wino na Chaki

Karibuni tena. Leo tunachora uso wa mzee kwa wino mweusi na chaki nyeupe. Mzee wetu ni jirani yangu hapa Magomeni. Amekubali kukaa barazani saa 2 asubuhi, jua likimpiga ubavuni, maana mwanga wa upande ndio unaofichua mifupa ya uso. Mchana jua likiwa utosini, macho yote yanazama kivulini.

Karatasi iwe ya kaki, nzito. Ibandike ubaoni kwa solotepu pande zote nne isijikunje ikilowa.

Anza na penseli, mkono mwepesi. Macho yanakaa katikati kabisa, kati ya utosi na kidevu. Wengi huyapandisha mno. Kati ya jicho na jicho pana nafasi ya jicho moja. Masikio ya mzee yachore marefu kidogo kuliko ulivyozoea.

Sasa wino, vikombe 3: wa maji mengi, wa maji kidogo, na mzito. Brashi yenye wino mwepesi ipite chini ya nyusi, shavuni palipobonyea, chini ya kidevu. Subiri. Kwa unyevu wa Dar haukauki upesi. Gusa kwa mgongo wa kidole, pakiwa baridi, bado hapajakauka. Kisha wino wa kati. Ule mzito ni wa nibu tu, yaani ncha ya kalamu ya wino: mboni, matundu ya pua, mwanya wa midomo.

Hapa tutulie. Makunyanzi si mistari. Ukiyachora kwa mistari, uso utaonekana umechanjwa chale. Kila kunyanzi ni bonde dogo, lina kivuli na lina ukingo unaopokea jua. Tia wino mwepesi bondeni, halafu kwa brashi ya maji matupu ufifishe upande mmoja. Mwangalie mzee, si karatasi. Paji hili peke yake limenichukua nusu saa, na lilistahili.

Chaki ni ya mwisho, wino ukishakauka. Ukiitanguliza, vumbi litaziba nibu. Zima feni. Ichonge ipate ncha, uguse paji, mfupa wa shavu, mgongo wa pua, mvi za kidevuni. Kwingine acha, kaki ndiyo ngozi yake. Chaki ikienea kote, umempaka unga.

Rudi machoni. Wazee wengi wana duara la kijivu kwenye ukingo wa nje wa sehemu ya jicho yenye rangi, na huyu analo. Lipitishie chaki kidogo sana, ulififishe kwa kidole. Kisha nukta moja kali, upande wa jua.

Ukiiwekea fremu, kioo kisiguse chaki. Ngoja nimpelekee mzee ajione.